Muzigo wa Askari Usiwe Mzigo kwa Raia

Hakuna askari awezaye kusimama lindoni kwa moyo mtulivu ilhali hajui wanawe watalala wapi mwezi utakapokwisha. Neno hili ni zito, na kwa miaka mingi tumelisema kwa minong'ono tu, kana kwamba kukosa nyumba ni aibu ya mtu binafsi. Mimi naona wakati umewadia wa kulisema mchana kweupe, hapa gazetini, mbele ya wanajeshi wenzangu, mbele ya ndugu zetu polisi, na mbele ya wananchi ambao tunapanga nao katika ua mmoja.

Jambo lenyewe ni hili. Si kila askari anayefanya kazi mjini Kampala hupata nafasi ya kulala kambini. Kambi za Mbuya na Makindye kwa upande wa jeshi, na zile za Nsambya na Naguru kwa upande wa polisi, zina mipaka yake. Watu wameongezeka kuliko nyumba. Wapo wenzetu ambao wamezaa na kulea watoto katika vile vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo sisi sote twaviita "mama ingia pole", kwa sababu mlango wake ni mfupi na anayeingia hana budi kuinama. Jina hilo ni la utani, lakini joto la mchana na baridi ya usiku ndani ya mabati yale si utani. Kwa hiyo askari wengi, hasa wenye jamaa, hulazimika kutoka kambini na kwenda kutafuta chumba cha kupanga miongoni mwa raia.

Chumba hicho kwa Kiganda huitwa muzigo, na vikiwa vingi huitwa mizigo. Kwa Kiswahili neno hilo tunalielewa vingine, nalo laelekea kufaa: kwa askari wa cheo cha chini, kodi ya nyumba ni mzigo kweli kweli. Nia yangu leo ni kueleza jinsi mzigo huo unavyoweza kupunguzwa, na pia kukumbusha kwamba sisi wenye magwanda tusije tukawatwisha raia mzigo wetu.

KWA NINI KATIKATI YA MJI?

Wapo wanaouliza: kwa nini askari ang'ang'anie kukaa karibu na katikati ya mji, mahali ambapo kodi ni ghali, badala ya kwenda zake Nansana, Kyengera au Bweyogerere ambako vyumba ni rahisi? Swali ni la haki, nalo lastahili jibu la hesabu.

Tuchukue mfano tu. Tuseme konstebo mmoja amepanga chumba Kyengera kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwenzake amepanga chumba cha namna ile ile Kisenyi kwa shilingi 250,000. Kwa macho, yule wa kwanza ameokoa shilingi 100,000. Lakini yeye hana budi kupanda gari asubuhi na jioni. Ikiwa nauli yake ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000 kwa siku, na ikiwa afanya kazi siku 26, basi kila mwezi hutoa shilingi 156,000 kwa nauli peke yake. Ukijumlisha na kodi, nyumba yake ya Kyengera imemgharimu shilingi 306,000. Yule wa Kisenyi aendaye kazini kwa miguu ametoa shilingi 250,000 tu, na tena amekwisha kunywa chai pamoja na watoto wake wakati mwenzake angali amekwama katika msongamano wa magari. Nauli hupanda na kushuka, na kodi hutofautiana mtaa kwa mtaa; lakini njia ya kufanya hesabu ni hiyo hiyo. Asiyehesabu nauli hajahesabu kodi.

Isitoshe, kazi yetu si kama kazi ya karani. Askari huitwa saa nane za usiku. Askari wa trafiki hutakiwa njia panda kabla jua halijachomoza. Zilipolipuka zile bomu mbili mnamo tarehe 16 Novemba 2021, moja karibu na kituo kikuu cha polisi na nyingine karibu na Bunge, waliohitajika walikuwa ni wale wawezao kufika kwa dakika chache. Askari anayelala mbali na lindo lake huchelewa si kwa uvivu, bali kwa umbali. Hivyo basi, makao ya askari karibu na mji ni sehemu ya ulinzi wa mji wenyewe, wala si anasa.

MJI ULIKOSAJE NYUMBA ZA KUPANGA?

Ni vizuri kujua jinsi tulivyofika hapa. Wakati wa ukoloni mji wa Kampala uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Nakasero na Kololo. Wahindi walikaa juu ya maduka yao katikati ya mji na huko Kampala Kongwe. Mwafrika alitakiwa kufanya kazi mjini na kulala nje ya mji, katika vyumba vya kupanga vya Kisenyi, Katwe na Mengo, ambavyo vilijengwa bila mpango katika ardhi ya mailo. Ni baadaye tu ndipo serikali ya kikoloni ilipojenga nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika huko Nakawa na Naguru.

Mwaka 1972 Wahindi walifukuzwa nchini kwa muda wa siku 90. Nyumba zao za ghorofani katika barabara kuu na mitaa ya katikati ya mji ziligawiwa watu wengine, wakiwemo wanajeshi wa zama zile. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 1982 ya kurudisha mali hizo, na katika miaka ya 1990 majengo mengi yakarudishwa kwa wenyewe. Biashara ilipochangamka, wenye majengo waliona kwamba chumba cha kulala jamaa moja kikikatwakatwa kuwa vijiduka vitano au sita huleta fedha nyingi zaidi kuliko mpangaji mmoja. Ndivyo ilivyotokea kwamba mitaa ambayo zamani watu walilala juu na kuuza chini, leo ni maduka juu na chini, na usiku hubaki walinzi peke yao.

Na hata zile nyumba zilizokuwa za umma hazikubaki za kupanga. Shirika letu la Nyumba la Taifa lilijenga maghorofa ya Bugolobi, Wandegeya na Bukoto. Baada ya sheria ya mwaka 2001 iliyoruhusu mtu kumiliki sehemu moja ya ghorofa, fuleti nyingi ziliuzwa kwa waliokuwa wakizipanga. Waliozinunua walipata bahati njema, nasi hatuwaonei wivu. Lakini kwa konstebo au praiveti aliyeandikishwa miaka ya baadaye mlango huo ulikwisha fungwa. Nyumba za Nakawa na Naguru nazo zilivunjwa mwaka 2011 ili pajengwe mji mpya wa kisasa, na wakazi wakahamishwa. Miaka mingi ilipita ardhi ile ikiwa majani na mabishano. Somo lake ni wazi: nyumba ya mtu wa hali ya chini isivunjwe kabla badala yake haijasimama.

PA KUTAFUTA NA CHA KUANGALIA

Kwa hali ilivyo, anayetafuta nyumba ya kupanga kwa bei nafuu karibu na mji haipati katika barabara kuu. Aitafute katika duara linalouzunguka mji, mahali ambapo mtu aweza kufika kwa miguu kwa nusu saa au kupita kidogo: Kisenyi, Mengo, Bakuli, Katwe, Kibuli, Nsambya, Wandegeya, Kamwokya. Huko mna vyumba vya kila namna, vizuri na vibaya, na tofauti yake haionekani kwa rangi ya ukuta. Yafaa basi askari akague chumba kama akaguavyo uwanja wa mapambano, yaani kabla ya kuingia, wala si baada ya kuingia.

Kwanza, aangalie maji yanakokwenda mvua inaponyesha. Kampala ni mji wa vilima na mabonde, na vyumba vya bei ya chini mara nyingi viko bondeni. Watu wa Bwaise na wale walio kando ya mfereji wa Nakivubo wanajua gharama ya godoro lililoelea. Chumba cha bondeni kikikaguliwa mwezi wa Januari huonekana kikavu. Kiulizie habari zake za mwezi wa Aprili. Alama ya maji ukutani husema kweli kuliko dalali.

Pili, ahesabu milango na vyoo. Choo kimoja kwa jamaa mbili kinavumilika. Choo kimoja kwa jamaa kumi ni ugonjwa unaosubiri siku yake.

Tatu, aulize habari za umeme na maji. Je, mita ya Yaka ni ya chumba kimoja au ni ya ua mzima? Ikiwa ni ya ua mzima, nani anunua umeme, na kwa kipimo gani wapangaji wanagawana? Ugomvi mwingi wa uani hauanzi kwa siasa wala kwa ulevi, bali huanzia kwa mwenye pasi na mwenye balbu moja kutozwa sawa.

Nne, na hili ndilo husahauliwa, aulize nani mwenye ardhi. Katika mji wetu mwenye nyumba si lazima awe mwenye ardhi. Huenda yeye ni mwenye kibanja tu juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine, au huenda kuna kesi mahakamani. Bonde la Katanga, kati ya Mulago na Makerere, limegombaniwa mahakamani kwa miaka mingi. Mpangaji anayelipa miezi sita mbele kwa mtu ambaye kesho ataondolewa yeye mwenyewe amezitupa fedha zake mtoni.

Tano, asimtegemee dalali peke yake. Dalali hutoza ada ya kuonyesha chumba hata kama chumba hukukipenda, na wengine huonyesha chumba kimoja kwa watu watano. Ni bora kwenda kwa mwenyekiti wa LC 1 wa mtaa huo, ambaye anajua nani amehama, nani ni mkorofi, na uga upi una amani. Tena inafaa mpangaji aje na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mahali alikotoka. Sisi tulio katika kazi ya ulinzi ndio tungekuwa wa kwanza kuidai desturi hii. Tangu mashambulizi ya tarehe 11 Julai 2010 huko Kyadondo na Kabalagala, tumekuwa tukiwaambia wananchi wajue ni nani anapanga jirani yao. Haifai askari awe mtu wa kwanza kukataa kuandikwa katika daftari la mtaa.

SHERIA YASEMAJE?

Kwa muda mrefu mambo ya kupanga nyumba yaliongozwa na sheria za kale za wakati wa ukoloni. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji, na ni jambo la kusikitisha kwamba askari wengi, ambao kazi yao ni kulinda sheria, hawaijui hii inayowahusu wao wenyewe kila mwisho wa mwezi.

Sheria hiyo inasema kwamba mwenye nyumba asipandishe kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo anayelipa shilingi 200,000 mwaka huu asitakiwe kulipa zaidi ya shilingi 220,000 mwaka ujao kwa chumba kile kile. Inasema kwamba kodi itajwe kwa shilingi za Uganda, isipokuwa wenyewe wakipatana vingine. Inasema kwamba mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe kwa maandishi. Inamtaka mwenye nyumba atoe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Na inakataza mpangaji kutolewa kwa nguvu bila ya amri ya mahakama. Mwenye nyumba anayedai kodi yake njia yake ni mahakamani, si kung'oa mlango wala kuezua paa.

Mimi ningeongeza shauri moja: hata kama kodi ni ndogo kuliko kiwango kile, andikianeni. Karatasi moja yenye majina, bei, tarehe na sahihi mbili, pamoja na risiti ya kila malipo, imeokoa urafiki mwingi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAGWANDA SI RISITI

Hadi hapa nimesema yale yanayotupendeza. Sasa niseme yale yanayouma.

Nilipokuwa luteni mpya, nimetoka chuo cha maofisa na kuletwa kufanya kazi mjini, nilikwenda kuulizia chumba katika mtaa mmoja ambao sitautaja. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akanionyesha chumba, tukaafikiana bei. Ndipo akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba mimi ni mwanajeshi, uso wake ulibadilika. Alisema, kwa adabu sana, kwamba amekumbuka kuwa chumba kile amekwisha kumwahidi mtu mwingine. Juma lililofuata nilipita pale. Mlango ulikuwa na kufuli, na tangazo la chumba cha kupanga lilikuwa lingali limebandikwa ukutani.

Nilikasirika, bila shaka. Lakini hasira si hoja. Mama yule hakunichukia mimi; hanijui. Aliogopa jambo alilolijua. Watu wazima wa mji huu wanakumbuka miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wakati mtu mwenye bunduki alipoweza kuingia nyumba ya mtu na kukaa bila kuulizwa. Na hata leo wapo wachache miongoni mwetu ambao mwezi ukiisha hujibu kwa ukali, na mwezi wa pili ukiisha huning'iniza magwanda kwenye kamba ya nguo ili mwenye nyumba ayaone na anyamaze. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Lakini hawakusema kwamba mwenye nguvu asilipe.

Madhara ya tendo hilo hayamfikii mkosaji peke yake. Askari mmoja asiyelipa Kamwokya huwafungia mlango askari 20 watakaokuja baada yake. Wenye nyumba huambiana. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenzetu hulazimika kuficha kazi yao ili wapate chumba, na mwanajeshi anayeificha kazi yake kwa aibu amekwisha poteza kitu kikubwa kuliko chumba. Wengine hutakiwa kulipa miezi mingi mbele kuliko raia, yaani wanalipia deni la mtu ambaye hawakumwona kamwe.

Tukumbuke kwamba wakati wa vita vya msituni, kati ya mwaka 1981 na 1986, kanuni za mwenendo za NRA zilimkataza mpiganaji kuchukua mali ya mwananchi bila kulipa. Zilikuwa kanuni kali, na zilitungwa kwa watu waliokuwa hawana mshahara. Ikiwa mtu mwenye njaa msituni alikatazwa kuchukua muhogo wa mkulima, sisi wenye mshahara tutatoa udhuru gani wa kula kodi ya mjane ambaye vyumba vyake vitatu ndivyo shamba lake?

Dawa ya deni ni kulipa. Na mshahara ukichelewa, au ukipata msiba, dawa ni kwenda kwa mwenye nyumba mapema, kabla hajakufuata, umweleze kwa adabu, "Mama, mwezi huu nimepatwa na jambo, nivumilie hadi tarehe fulani," kisha tarehe ile uitimize. Wenye nyumba wa Kampala si watu wa mawe. Wanachokichukia si umaskini, bali ni dharau.

ASKARI MLANGONI MWA MPANGAJI

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao watugusa zaidi ya watu wote. Mwenye nyumba anapotaka kumtoa mpangaji kwa nguvu, huita nani? Huita polisi. Wakati mwingine humtafuta mwanajeshi anayemfahamu, amsindikize tu asimame pale, magwanda yake yafanye kazi ya amri ya mahakama. Vitanda hutupwa nje, sufuria huvingirika barabarani, watoto hulia, na majirani hawasemi kwamba fulani mwenye nyumba amefanya hivi, husema, "Serikali imetutoa."

Ndugu askari, ukiitwa kazi ya namna hiyo, uliza swali moja tu: iko wapi amri ya mahakama? Ikiwepo, isome, na hakikisha ni ya nyumba hiyo na ya mtu huyo, kisha kazi ifanyike kwa utaratibu, mchana, na kwa heshima ya utu. Isipokuwepo, kazi yako si kumsaidia mwenye nyumba kuvunja mlango, bali ni kuuzuia mlango usivunjwe. Wala isisemwe kwamba huku ni kumpendelea mpangaji. Mwenye nyumba ana haki yake ya kulipwa, na sheria imempa njia. Na mpangaji anayekimbia usiku na deni la miezi minne naye ni mvunja ahadi. Lakini ulinzi wa sheria hauna upande. Na yule askari ambaye leo anasimama mlangoni mwa mpangaji, kesho mwenyewe ni mpangaji.

YA SERIKALI NA YA SISI WENYEWE

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni moja: askari wote warudi kambini. Nami nakubali kwamba kambi ndiyo makao halisi ya askari, na juhudi ya kujenga ni ya kusifiwa. Maghorofa ya polisi yaliyojengwa Naguru yameonyesha kwamba ardhi ile ile iliyokuwa na nyumba chache za chini yaweza kupokea jamaa nyingi zaidi ikiwa tutajenga kwenda juu. Mwendo huo uendelee, nao ufike kila mahali ambapo "mama ingia pole" zingali zimesimama. Lakini maghorofa hayajengwi kwa siku moja, na mji unaendelea kukua. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilikuta watu wapatao milioni 1.5 katika Kampala. Ile ya mwaka 2024 ilikuta zaidi ya milioni 1.7, bila kuwahesabu wale wanaomiminika kila asubuhi kutoka Wakiso na Mukono. Kati ya leo na siku ambayo kila askari atakuwa na nyumba kambini, ipo miaka ya kupanga.

Kwa hiyo naona mambo matatu yanafaa kufanywa. La kwanza, serikali ibakize sehemu ya majengo ya umma karibu na mji kuwa ya kupanga daima, wala yasiuzwe. Jirani zetu wa Tanzania walitwaa majumba mengi ya kupanga mwaka 1971, yakasimamiwa na Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaunganishwa na Shirika lao la Nyumba la Taifa. Hatusemi tutwae nyumba za watu. Historia yetu ya mwaka 1972 yatosha kutufundisha. Tusemalo ni kwamba jirani zetu, kwa kuwa na shirika ambalo bado ni mwenye nyumba katikati ya Dar es Salaam, wana chombo ambacho sisi tulipouza fuleti zetu tulikipunguza. Muuguzi wa Mulago, mwalimu, zimamoto na askari ni watu ambao mji hauwezi kulala bila wao; basi na walale mjini.

La pili, vyama vyetu vya akiba na mikopo, yaani Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, vifikirie mkopo mdogo wa kuanzia upangaji. Kinachomshinda askari kijana si kodi ya mwezi mmoja, bali ni kule kutakiwa kulipa miezi mitatu kwa pamoja kabla ya kupewa ufunguo. Mkopo huo ukikatwa kidogo kidogo katika mshahara, chama hakitapata hasara, na askari hatakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi za benki za watu.

La tatu, kila kikosi kiwe na ofisa wa ustawi mwenye orodha ya wenye nyumba waaminifu katika mitaa iliyo karibu, na mwenye nyumba naye ajue ofisi ya kwenda endapo mpangaji wake mwenye magwanda hamlipi. Jambo hili halina gharama. Lahitaji daftari, kalamu, na afande anayejali. Naamini kwamba siku mwenye nyumba atakapojua kwamba malalamiko yake yatasikilizwa kambini bila yeye kutishwa, siku hiyo tangazo la chumba cha kupanga halitabanduliwa kwa ajili ya askari tena.

Tusingoje amri kutoka juu ili tuanze kutenda lile lililo mikononi mwetu. Lipa kodi yako siku iliyopatanwa. Dai risiti yako. Jiandikishe kwa LC. Safisha ua pamoja na wenzako siku ya usafi, hata kama una nyota begani. Usiku ukisikia kelele za mwizi, toka nje. Ndiyo kazi uliyoisomea. Mwananchi akimwona mpangaji wa namna hiyo, hatauliza tena kama ni askari au si askari. Ataomba aletewe askari mwingine. Tumekula kiapo cha kuwalinda raia, na wengi wetu raia hao hatuwakuti mpakani wala katika gwaride, bali wako ng'ambo ya ukuta mwembamba wa chumba cha kupanga.